Kabati Lililokwenda na Maji

Karakana ya Mbao,
Nyuma ya Stendi ya Zamani,
S.L.P. 41.
Jumatatu, 9 Juni

Mpendwa binti yangu Kibiriti,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa baba yako mkubwa, fundi ambaye hajapata kushindwa na mti wowote isipokuwa ule wa mlango wa choo chetu, ambao mama yako mkubwa ananikumbusha kila asubuhi. U hali gani huko? Kile kifua cha baridi kimeachia? Na cherehani mpya umeizoea, au bado inakula uzi? Sisi huku wazima. Mgongo unaniuma kidogo upande wa kulia, lakini ni mgongo uliowahi kubeba kabati la milango minne hadi ghorofa ya tatu, mwenye kabati akiwa amelala ndani, kwa hiyo nausamehe.

Mama yako naye hajambo. Alipita hapa Ijumaa kuchukua kigoda chake, akacheka vizuri. Barua hii usimsomee kwenye simu, na wala usimgusie. Utaona sababu mwenyewe. Ningeweza kukupigia wewe pia, ila kwenye simu ungeanza kucheka kabla sijafika katikati, maana unanijua. Karatasi haikatizwi na mtu. Kwa hiyo kaa chini kwanza.

Najua na wewe unaitazama ile tamthilia ya Inspekta, kwa kuwa inarekodiwa huko huko mjini kwenu. Huku imetushika kama homa. Kila Jumapili saa kumi tunafunga madirisha ya karakana ili mwanga usipige kioo cha runinga, tunakalia viti ambavyo wateja hawajaja kuvichukua, na hapo hakuna ruhusa ya kukohoa. Tuko wanne: mimi, mama yako mkubwa, kinyozi wa mlango wa pili, na nesi mstaafu, yule aliyekuchoma sindano zako zote za utotoni.

Wewe unaifahamu hadithi yenyewe, lakini nikukumbushe tulipofikia. Nyumba ya shamba ya tajiri mwenye hoteli imeungua. Kwenye majivu imekutwa saa yake ya mkononi tu. Familia ikazika saa. Inspekta anatafuta muuaji, nasi tunatafuta naye, kila mtu na njia yake.

Kinyozi amekazania mke. "Mwanamke gani analia kwa jicho moja?" anauliza. Nesi anasema ni daktari wa tajiri, kwa sababu hakuna ugonjwa duniani unaotibiwa kwa sindano ile na mahali pale. Mimi nilisema tangu mwanzo kabisa kwamba tajiri yuko hai. Kinyozi akaniambia, "Fundi, wewe ungeandika hii tamthilia, wote wangekuwa hai, na wote wangekuwa wateja wako."

Sasa sikiliza. Jumapili tatu zilizopita, kamera iliingia ofisini kwa tajiri kwa mara ya kwanza. Meza, pazia, picha ukutani. Na pembeni, kabati la mninga la milango miwili. Kwenye mlango wa kulia, usawa wa kifua cha mtu, kuna fundo la mti lenye umbo la jicho, kope na mboni vyote vipo. Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Lile kabati langu," nikasema.

Walicheka hadi nesi akavua miwani kujifuta. "Juzi ulisema kitanda cha gavana ni chako," kinyozi akasema, "leo umehamia kwenye runinga!" Mama yako mkubwa hakucheka. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Kaa, mume wangu, unatuziba," lakini mkono wake ulikuwa umeshika mkono wangu, na ulikuwa baridi.

Yeye alilijua. Ule ubao wenye jicho mimi nilitaka kuutupa, baba yako akakataa. "Acha liwe linakuangalia, kaka," alisema, "labda utapunguza uongo." Lile ndilo kabati alilopakia kwenye pikapu ya kuazima, miaka tisa iliyopita, kumpelekea mteja ng'ambo ya mto, siku daraja lilipokwenda na maji. Unakumbuka kilichopatikana. Pikapu imelala ubavu kwenye matete, mkoba wake wa vifaa umenasa kwenye usukani. Baba yako hakuonekana, kabati halikuonekana. Tukazika mkoba. Wewe ulitupia udongo kwa mikono miwili, ukiwa na miaka kumi na minne, ukakataa kushikwa na mtu.

Kwa hiyo mwanangu, wenzangu walikuwa wanatazama kabati. Mimi nilikuwa natazama kitu kinachotakiwa kuwa chini ya mto.

Jumapili iliyofuata ubishi ulikuwa juu ya ufunguo. Inspekta ameipekua ile ofisi mara tatu, ufunguo wa sanduku la tajiri hauonekani. Kinyozi akasema umemezwa. Nesi akasema umeshonewa kwenye mto. Mimi nikasema uko kwenye kabati. Ndani, nyuma ya bawaba ya juu ya mlango wa kushoto, kuna kijiti kidogo. Ukikisukuma kwa kidole gumba huku vidole vingine vimeshika ukingo, chini inatoka droo ambayo huwezi kuiona hata ukiwa na taa. Droo ile tuliibuni mimi na baba yako. Hatukumwonyesha mtu.

"Kama droo hiyo ipo," kinyozi akasema, "najinyoa nusu kichwa."

Nesi yeye alikuwa kwenye mambo yake. Alikuwa anafikiria saa iliyozikwa. Akasema, kama mtu anayehesabu vidonge, kwamba kwenye hadithi za upelelezi kuna sheria moja tu: kama kamera haijaonyesha maiti, mtu hajafa. "Umezika saa, umezika saa. Hujazika mtu."

Akamaliza, kisha akasikia alichokisema. Sote tukasikia. Tangazo la sabuni likaja, likaisha, likaja jingine, na hakuna aliyeinua macho kunitazama.

Sasa ya jana. Mvua ilianza saa tisa na karakana ilikuwa na giza kama ndani ya sanduku. Inspekta anasimama mbele ya kabati. Kamera inamwacha uso, inakwenda kwenye mkono. Mkono haukufungua mlango. Uligonga kwanza. Mara mbili, ukangoja, kisha mara moja.

Hilo unalikumbuka, Kibiriti? Babu yako ndiye aliyetufundisha: samani ikimalizika, kabla haijatoka mlangoni unaigonga mara mbili, unangoja, kisha unaigonga mara moja, kuiaga. Nimezunguka karakana za nchi nzima, na hii si chumvi, sijaona fundi mwingine anayefanya hivyo.

Mkono ukafungua mlango wa kushoto. Kidole gumba kikaenda moja kwa moja nyuma ya bawaba, hakikutafuta. Vidole vinne vikashika ukingo. Vitatu vizima, na cha pete kimeishia kwenye kiungo cha kati.

Droo ikatoka. Ufunguo umo. Na chini ya ufunguo kuna barua ya tajiri yenye tarehe ya juzi, kwa hiyo yuko hai, kama nilivyosema. Nilishinda ubishi wote siku moja, na sikufungua mdomo.

Kamera ikarudi kwa Inspekta, ameshika ufunguo kwa vidole vyake kumi vizima. Kinyozi akapiga goti lake. "Wametudanganya! Ule si mkono wa Inspekta! Droo imemshinda, wakaazima mkono wa mtu anayeijua!" Alikuwa anafurahi tu kukamata kosa la watengeneza tamthilia. Bado alikuwa hajaelewa.

Nesi alikuwa amekwishasimama. Picha ile ya mkono waliirudia mara ya pili, polepole, kama wanavyopenda, naye akavaa miwani, akasogea hadi pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. "Mshono huu ni wangu," akasema. "Ulikwenda upande kwa sababu taa ya zahanati ilizimika nikiwa katikati. Huu ni wangu."

Hapa, mwanangu, inabidi nikwambie jambo ambalo nesi amelijua miaka yote hii na hakunivua nguo mbele za watu. Wewe umekua ukijua kwamba kidole cha baba yako kiliondoka na chui, na mimi nikamfukuza yule chui kwa randa hadi akapanda juu ya paa la shule. Umewasimulia wenzako hivyo, nami nilikusikia na kifua kikajaa. Chui hakuwepo. Nilikuwa nawasimulia wateja habari nyingine kabisa, nikarusha mikono kuonyesha ukubwa wa kitu, nikaupiga ubao ambao baba yako alikuwa anausukuma kwenye msumeno wa umeme. Ni mimi.

Na asubuhi ile ya daraja, wakati anafunga kamba kwenye pikapu, mteja mmoja alimuuliza kidole kimefanya nini. Nikadakia mimi, nikamleta chui wangu. Baba yako alikaza kamba, akapanda, akasema kupitia dirishani, "Siku moja utasimulia hata kifo changu, kaka, na mimi sitakuwepo kukusahihisha." Akaondoka. Na kweli nimekisimulia. Mji mzima unajua nilivyozama mtoni siku tatu nikimtafuta chini ya maji. Sikuzama hata mara moja. Nilisimama ukingoni, na nikarudi nyumbani na viatu vikavu.

Bado sijamaliza ya jana. Tamthilia ilipoisha, majina yakaanza kupanda. Kinyozi ana macho makali, nikamwambia asome. Akasoma waigizaji, wapiga picha, mpishi, dereva. Kisha akasoma, "Samani na mbao." Akanigeukia. Jina lilikuwa langu. Lote, majina yote matatu, la kwangu, la babu yako na la ukoo, kama lilivyo kwenye kibao cha mlango wa karakana.

Basi wakanivamia! Kinyozi akanikumbatia, "Kumbe fundi ulikuwa unasema kweli! Na sisi tunakucheka!" Leo asubuhi ametimiza ahadi, yuko dukani na nusu kichwa, na kila anayekalia kiti chake anahadithiwa kwamba jirani yake ni fundi wa runinga. Miaka hamsini na sita nimeitafuta siku ya kuaminiwa, na ilipokuja nilitaka kuingia chini ya benchi. Sijawahi kufika huko, Kibiriti. Unajua sijawahi. Kuna mtu huko anayeitikia jina langu, kwa sababu la kwake tumelizika.

Nesi alimwomba kinyozi azime runinga. Tukabaki gizani na sauti ya mvua. Kinyozi, kwa furaha yake, akaiga ule mkono: akagonga meza mara mbili, ko, ko. Akaacha hapo, akitafuta mwavuli.

Na kule nyuma, kwenye makabati ambayo hayajapigwa vanishi, kukajibu. Ko, mara moja tu.

Mimi ni fundi. Mbao hulia zinapokauka, na hulia zaidi hewa ikiwa na unyevu, ningeweza kukueleza hadi kesho. Niliwaeleza na wao. Nesi alitikisa kichwa kukubali, akachukua mkoba wake, akatoka kwenye mvua bila kungoja ipungue.

Sijui kwa nini hakurudi, kama ni yeye. Labda maji yalimtupa mahali akaamka hajui yeye ni nani. Labda anajua vizuri sana yeye ni nani, na ni ndugu wa nani. Nimekaa na hilo usiku kucha, na sikuweza kuliongezea wala kulipunguzia neno.

Kwa hiyo nakuomba uende. Nenda penye studio inakorekodiwa tamthilia, umuulizie kwa bawabu fundi wa samani, utaje jina langu. La baba yako usilitaje. Ukionyeshwa mtu, usianze na uso. Miaka tisa inabadilisha nyuso, na moyo wako utaona unachotaka kuona. Tazama mkono wa kushoto. Wasipokuruhusu kumwona, omba wakusimamishe tu kwenye mlango wa chumba anachofanyia kazi, hata ukiwa umefungwa. Ugonge mara mbili. Kisha usigonge tena. Yeye hawezi kuuacha ugongaji ule haujakamilika, tangu utotoni hakuweza, nilikuwa namchokoza nao tukiwa kitandani hadi analia. Atamalizia.

Kama hakuna anayemalizia, rudi nyumbani, uniandikie, nami nitakubali kwamba tulizika mtu na si mkoba. Mama yako asijue lolote kabla ya hapo. Bado anavaa pete.

Na akifungua, usimweleze sifa zangu. Mwambie tu kwamba chui nimemtoa.

Mama yako mkubwa anakusalimu sana, anasema usiende peke yako, nenda na yule rafiki yako wa chumba. Nesi anakusalimu, anasema kifua usikidharau. Kinyozi anakusalimu kwa nusu kichwa. Mola akutangulie kwenye kila mlango utakaougonga, na akurudishe salama.

Wako akupendaye, ambaye huko yuko kwa jina na huku kwa mwili,

Baba Mkubwa