Kisima Tulichokikausha

Jumatatu, 9 Shaaban 1331

Nimeamia ndege tangu alfajiri. Mkono umechoka kwa kurusha mawe ya teo. Mtama wa Ami Shee umekwisha kukatwa. Uliobaki ni wa jirani yetu Bi Mwanaesha, mjane, nao unataka siku kumi zaidi.

Kambi ni vibanda vitatu ukingoni mwa mto. Maji ya mto ni ya chumvi, hupanda na kushuka pamoja na bahari. Ya kunywa tunateka kisimani, nyuma ya vibanda. Nyuma ya kisima ni mwitu. Tembo huingia shambani wakiona watu ni wachache, na serikali imekataza kuwapiga bila cheti. Kwa hiyo hakuna abakiye peke yake.

Mwalimu amenipa ruhusa ya mavuno kwa sharti nirudi nimehifadhi mlango wa tohara katika kitabu cha fikihi. Nimefika nusu.

Jumanne, 10 Shaaban

Ndoo ya kwanza imetoka na panya aliyekufa. Wote walinitazama mimi, kwa kuwa hapa hakuna mwingine asomaye. Nikasema maji ni najisi. Ami akauliza kama nina hakika. Nikasema imo kitabuni.

Tumeteka sote saba mpaka adhuhuri, mpaka mchanga wa chini ukaonekana. Bi Mwanaesha alisema kisima hiki huchotwa polepole, hakikaushwi. Nikamjibu kwamba najisi ni najisi. Mimi, ambaye hata salamu naitoa kwa sauti ya chini. Nilifurahi kusikilizwa. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Jumatano, 11 Shaaban

Uji wa asubuhi haukunyweka. Chumvi tupu.

Ami ameeleza. Maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, kama mafuta. Tumeyatoa yote ya juu, bahari imepanda. Yatarudi, lakini si wiki hii. Kisima kingine kiko mwendo wa saa nzima, ndani ya mwitu.

Alhamisi, 12 Shaaban

Tumekwenda huko na madebe. Nyayo mpya za nyati njiani. Maji tuliyoleta yaliisha kabla ya magharibi.

Jioni nimefungua kitabu. Ukurasa uliofuata nilipoishia: maji yakifika kulateni hayanajisiki, ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Kulateni ni maji ya kujaza shimo la dhiraa moja na robo kila upande. Kisimani maji yalikuwa yakinifika kifuani. Hayakuwa na harufu. Yalikuwa safi. Ilitosha kumtoa panya.

Bi Mwanaesha amepita akanishukuru kwa kulinda sala zao. Nikafunga kitabu. Sikula.

Ijumaa, 13 Shaaban

Ami amesema tutavunja kambi Jumapili. Watu hawawezi kuishi kwa madebe mawili. Bi Mwanaesha hakubisha. Alichukua kisu akaanza kukata mtama mbichi, ambao utaoza ghalani. Ndio chakula chake cha mwaka.

Hakuna atakayejua nisiposema. Nimelifikiria hilo leo mara nyingi zaidi kuliko inavyofaa.

Jumamosi, 14 Shaaban

Nimesema. Baada ya sala ya alfajiri, mbele ya wote. Nilisoma ukurasa wenyewe, nikaufasiri, nikasema kosa ni langu, sikusoma mpaka mwisho.

Bi Mwanaesha ndiye aliyeanza kusema.

"Kumbe panya maskini hana makosa. Kisima kimeharibiwa na shehe wetu."

Walicheka. Afadhali wangenipiga.

Nikamwomba Ami tubaki mpaka mtama ukomae. Maji ya watu wote nitayaleta mimi, kila siku, mara mbili.

"Ndia ile ina nyati," akasema.

"Najua, Ami."

"Basi huendi peke yako. Yeo nakwenda nawe."

Bi Mwanaesha amerudisha kisu kibandani.

Jumanne, 17 Shaaban

Madebe manne asubuhi, manne alasiri. Mabega yamechubuka. Ami hutangulia njiani. Jana usiku tembo walisikika upande wa mwitu. Hawakuja.

Alhamisi, 19 Shaaban

Tumeanza kukata. Mtama umekauka vizuri. Nyati mmoja alisimama njiani. Tulisimama sisi pia. Akaondoka. Maji hayakumwagika.

Jumamosi, 21 Shaaban

Umekwisha. Mashuke yote yako katika chombo kilichofungwa mtoni, chini ya majamvi. Tunaondoka kesho maji yakijaa.

Alasiri Bi Mwanaesha alikuja na karatasi. Alitaka nimwandikie bintiye aliye Siyu kwamba mavuno yamepatikana na asihangaike. Sikutegemea aniombe mimi. Niliandika polepole, kama alivyotamka, bila kupamba. Nilipomaliza nikamsomea.

Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Soma tena," akasema. "Mpaka mwisho."

Nikasoma tena.