Supachaja Iliyoombewa

Jumatatu, 6 Mei
Natangaza rasmi, kwa masikitiko makubwa, kuvunjika kwa kishikio cha kikombe ndani ya gari langu. Kimeacha pengo na doa la chai. Mengine ya kawaida. Kazini, mji wa Serikali Mtumba, saa moja na nusu. Musa, mlinzi wa geti, kausikia muungurumo toka mbali, kanyanyua kizuizi kabla sijafika. Kanisalimia Kigogo: "Mbukwa, mzee wa ndege!" Masjala nzima ikajua nimekuja. Gari la michezo, milango miwili, injini ya miaka thelathini, karani mmoja ndani. Sina kingine cha kujivunia.

Jumatano, 8 Mei
Kosa ni langu. Mwaka jana, kwenye harusi, nilimwambia shemeji Ndahani, kaka wa mke wangu, kwamba gari hili limekosa supachaja tu. Maneno ya kushiba pilau. Leo katua kutoka Dar na boksi. Supachaja nzima, imetolewa kwenye gari lililopata ajali. Zawadi. "Shem, sasa utapaa!" Nimecheka. Nimecheka vibaya.

Alhamisi, 9 Mei
Nimesoma mtandaoni, kazini, faili likiwa wazi mbele yangu kwa heshima. Kifaa kinazungushwa na mkanda, kinaisukumia injini hewa kwa nguvu. Hewa nyingi, petroli nyingi, mwendo mwingi. Kwa injini iliyotengenezewa kazi hiyo. Yangu haikutengenezewa, inabana hewa sana tangu kiwandani. Ukiishindilia, petroli inalipuka kabla ya wakati, gasketi inaungua, pistoni inatoboka. Na injini nyingine ya aina hii sijaiona tangu nihamie Dodoma.
Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 11 Mei
Nilipanga kumwambia shemeji leo, baada ya chakula. Nimechelewa. Jumuiya ilisali kwetu. Mama mkwe kaweka boksi mezani, kati ya Biblia na karanga. Katekista kauliza ni nini. "Chaja ya mkwe wangu," kajibu mama mkwe. Katekista, nadhani akifikiria simu, kaiombea dakika nzima: isiishiwe nguvu safarini. Wote amina. Na mimi amina.
Kitu kikishaombewa hakirudishwi dukani wala Dar. Kinafungwa.

Jumapili, 12 Mei
Mke wangu anasema niseme ukweli. Kwa nani? Kaka yake? Mama yake? "Kwa yeyote, ila mimi nisiwepo."
Sijalala vizuri.

Jumanne, 14 Mei
Likizo hadi Ijumaa. Tumepeleka gari kwa fundi Songoro, Majengo. Shemeji kavaa ovaroli mpya. Nimemkonyeza fundi akatae. "Jicho lina nini, bosi?"
Shemeji kaenda kutafuta nyama. Hapo nimepata nguvu ya kusema: sitaki. Fundi hakushangaa. Kasema hata ningetaka, angefungua plagi kwanza aone injini inabanaje. Kafungua. Inabana vizuri kote. Ila plagi ya tatu nyeusi, imelowa petroli. "Hii imekufa siku nyingi. Unatembelea miguu mitatu kati ya minne." Tangu lini? "Umelinunua likiwa linaunguruma hivi?" Ndiyo. "Basi tangu hapo."
Kaweka plagi mpya. Gari likawaka kimya, kama la mtu mwingine.
Shemeji karudi na nyama, kapanda, nikakanyaga. Limeruka. Kashika dashibodi kwa mikono miwili, nyama imemwagika. "Imefungwa tayari? Huyu fundi ni hatari! Maombi hayo!"
Nilifungua mdomo. Nikala kipande cha nyama.
Boksi lilikuwa nyuma, chini ya tairi la akiba.

Ijumaa, 17 Mei
Shemeji karudi Dar. Mama mkwe kaitolea supachaja ushuhuda jumuiyani. Mke wangu kapandisha boksi juu ya kabati, kalifunika kitambaa.

Jumatatu, 20 Mei
Mtumba saa moja na robo. Kizuizi kilikuwa chini. Musa kanipa mgongo, anakunywa chai. Nikapiga honi. Kaja dirishani, kaniomba kitambulisho.