Mama Anasema Ni Mzima

Saint-Gilles, Bruxelles
Tarehe 12 Machi 1998

Mpendwa Yaya Mauwa, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Shemeji Tharcisse na goti lake? Watoto wanasoma? Hapo Bukavu maji ya bomba yamerudi, au bado mnateremka ziwani na madumu? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Élisée ni mzima, watoto wetu Noé na Carine wazima, na Mama yetu naye ni mzima kabisa. Amesisitiza nianze na hilo.

Nimeliandika kama alivyotaka. Niwie radhi, yaya, barua hii itakuja vipande vipande maana tangu jana situlii. Nainuka, nafungua dirisha, nalifunga, napanga vikombe nilivyokwisha kuvipanga. Élisée anasema nitatoboa sakafu ya watu kwa kutembea.

Jambo lenyewe ni hili. Huku mkimbizi asiye na kazi hupewa msaada, ila hasaidiwi na mahali anapokaa. Serikali humpangia komini, yaani halmashauri ya mji fulani, ya kumlisha. Sisi tulipangiwa komini moja ya Waflamandi, Wabelgiji wa kaskazini, mbali, katikati ya mashamba ya viazi, na jina lake mpaka leo linanishinda kulitamka. Hatujalala huko hata siku moja. Walikuwa wanatulipia vyumba vyetu hapa Saint-Gilles. Mwezi wa kwanza wakasema wamepata nyumba huko kwao: tuhame, la sivyo msaada ukatwe. Na Mama, tangu tulipokimbia naye wakati wa vita, figo zake zimechoka. Mara tatu kwa juma anakwenda hospitali ya Jette kusafishwa damu kwa mashine. Huko mashambani basi lenyewe ni la kubahatisha. Kumpeleka huko ni kumwua polepole.

Wakamtuma kijana mmoja, Willem, aje kuona hali yetu. Hapo ndipo tulipojiharibia wenyewe. Wewe ungefanya nini ukiambiwa mgeni wa serikali anakuja kwako? Tuliazima makochi kwa Jean-Baptiste wa ghorofa ya juu. Tukapika kuku, sombe, samaki na ndizi. Mama akavaa kitenge chake cha Pasaka, akakaa kama mama wa bwana harusi. Willem alikula akaongeza, maskini, ni kijana mwenye adabu. Kisha akamwuliza Mama anajisikiaje. Nawe unamjua Mama. "Niko muzima, Mungu asifiwe! Na kwenu, bazazi bako bazima?" Élisée akatafsiri neno kwa neno, mpaka salamu za wazazi wa kijana, na mimi hapo kando natikisa kichwa kwa furaha, mjinga mimi.

Jibu likaja: nyumba ina samani nzuri, chakula kipo, bibi ana afya njema, wahame kabla ya Pasaka. Kwanza nilicheka. Halafu nililia mpaka Carine akaenda kumwita Mariette.

Mariette ni bibi wa Kibelgiji anayekaa chini yetu. Zamani alifundisha ushonaji huko Bukavu, na Kiswahili chake bado kinasikika. Alikasirika kuliko sisi. Akatueleza kwamba bibi yake mzaa baba alifiwa na mume hapahapa Bruxelles, miaka zaidi ya mia imepita, akaenda kuomba mkate kwa wakubwa wa mji. Wakamwambia maskini hulishwa alikozaliwa. Askari wakampakia kwenye mkokoteni pamoja na watoto wake, mpaka kijiji alichokiacha akiwa mchanga, ambako hakuna aliyemjua wala aliyemtaka. Kitinda mimba hakufika. Mimi nilidhani mambo hayo wazungu wanatufanyia sisi tu. Kumbe walianza wao kwa wao.

Basi Mariette alipiga simu, akapanda treni na fimbo yake mpaka huko kwenye viazi, wakakubali Willem arudi. Mariette akatupa masharti: makochi yarudi kwa mwenyewe, jiko lizimwe, na Mama aseme ukweli. Mama akakataa katakata. "Mugeni aingie kwangu, atoke na njaa? Na nimulilie magonjwa yangu? Miye si muombaji wa soko!" Tulimbembeleza, wapi. Mwishowe Mariette akapiga magoti mbele yake, na magoti yenyewe mabovu, akashindwa kuinuka tena. Mama akamwinua, akasema haya basi.

Willem alikuja juma lililopita. Hatukumpa hata maji. Alipomwuliza Mama hali, Mama akasema, "Niko mugonjwa. Niko mugonjwa sana." Akakunja mkono wa blauzi, akamwonyesha pale wanapochoma sindano. Halafu akajifunika uso kwa kitenge, na mgeni akaondoka bila kuagwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jana wamejibu. Tunaruhusiwa kubaki Saint-Gilles na msaada unaendelea, maadamu bibi ni mgonjwa. Ndivyo walivyoandika. Élisée aliruka kwa furaha, akashuka mbio kumwambia Mariette. Mama akaniomba nimsomee tena, polepole. Kisha akaniuliza, "Donc miye sasa sina droit, sina haki ya kupona?"

Nikaikunja barua, yaya, nikaenda kupakua chakula. Tulipokaa kula, Noé akaomba kama kila siku, Mungu amponye bibi. Mama akaitikia amina kwa sauti. Mimi sikuitikia, na tangu hapo ndipo situlii.

Nisalimie Shemeji Tharcisse, Tonton Désiré na Yolande. Mwambie Yolande kitambaa cha kichwa kilifika na Carine hataki kukivua. Mungu awakinge na kila baya, awape usingizi mtamu. Na ukitujibu, usionyeshe kwamba nimekuambia. Muulize Mama hali yake kama siku zote. Kwako bado anaweza kujibu anavyotaka.

Mdogo wako akupendaye,
Gracieuse