Kadi Ni Yetu Tangu Hamsini na Mbili, Mke Wangu Hajui

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, na ukiweza unicheke polepole, maana walionicheka wametosha. Mimi ni karani wa ghala katika shamba moja la mkonge hapa Tanga, umri umepita arobaini na tano, tumbo limetangulia, akili naona bado iko njiani. Tangu mwaka 1952, miaka saba sasa, kampuni yetu inatupa sisi wa kazi ya kudumu kadi ya matibabu ya bure pamoja na wake zetu, lakini mimi wangu sikumwandikisha, kwa sababu pale zahanati dresa, yule mfunga vidonda, hutoka barazani akaita kila mgonjwa kwa jina lake kamili, na mke wangu mtaa mzima humwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, lake mwenyewe hata jirani halijui, nikaona haya lipigiwe kelele mbele ya wakata mkonge, basi aliponiuliza nikamwambia, "Kadi hizo si za watu kama sisi," naye akaniamini.

Sasa ana donda mguuni mwaka wa pili, anaponda majani, anafunga kitambaa, siku hizi anasali ameketi. Mwezi uliopita kampuni ikatangaza kwamba vibarua nao watapewa kadi, watu wakafurika, nikaona hapa ndipo pa kupenya, nikavua koti nikajipanga nao kama mgeni. Karani wa kadi, Sadalla, akafungua daftari, akapaza sauti, "Ala! Bwana mkubwa! Wewe haki yako ni ya tangu hamsini na mbili, ulikuwa wapi?" Mstari mzima ukaangua kicheko. Nikatafuta asiyecheka, nikamwona fundi Uweso anatazama viatu vyake, na nyuma yake mnyapara Mselem, wote wa zamani kama mimi. Sadalla akasema, "Tumewafungulia vibarua, na nusu ya wanaokuja ni ninyi mliokuwa ndani siku zote!"

Nilipomwambia mke wangu tumepata kadi, akanyanyua mikono: "Mungu awape heri, leo wametukumbuka na sisi." Tangu hapo kila asubuhi ananipikia vitumbua vya shukrani, nami navila vyote. Jumamosi anatakiwa aje mwenyewe kuandikishwa, na Sadalla hana breki mdomoni. Je, nimwambie, au nimwombe Sadalla anyamaze?

Mwenye Aibu,
Ngamiani, Tanga

JIBU

Bwana Mwenye Aibu,

Nimecheka polepole kama ulivyotaka, tena huku nikijiona. Mimi niliuguza jino miezi mitatu kwa kuogopa kupanua kinywa mbele ya shemeji yangu muuguzi. Lakini jino lilikuwa langu. Mguu ni wa mkeo.

Umemtaja Uweso wa watu hadharani, ila jina la mkeo hata mimi umenificha! Basi nikwambie: hukulilinda lake, ulilinda lako. Lingeitwa asubuhi, adhuhuri watu wamesahau. Na ungemnong'oneza dresa amwite kwa jina la mtoto, angekataa kwa nini? Hukumwuliza hata siku moja.

Sadalla mwache. Ukimziba mdomo utakuwa umemtafutia mkeo mtu wa pili wa kumdanganya. Mwambie leo, mkiwa wawili, kwa maneno machache: kadi ilikuwa haki yako, mimi nilikunyima. Dresa usimtaje, desturi ya majina usiitaje. Kesho omba ruhusa kazini umpeleke akatazamwe mguu. Haki mnayo tayari, donda halina haja ya kungoja Jumamosi. Ukae naye pale barazani mpaka aitwe, kwa jina atakalotaka yeye.

Nanyi mnaosoma hapa mkimcheka, hasa wewe fundi Uweso, nendeni mkawaandikishe wake zenu. Mlango ulikuwa wazi kabla ya vibarua.

Atakasirika, bwana. Usimkatize, wala usimtume mama yako kumpoza. Hasira hiyo nayo ni haki yake, usimcheleweshee.