Batri Yako Ilikufia ku Kilio Yako

Tata,

Ni mi Ngalula, mutoto yako, ule ulifundishaka kuunganisha chuma. Minakuandikia na kasirani, usishangae.

Ulikufa na homa, mu kitanda, hapana mu maji vile batu ya mutaa yetu ya Manika balikuwa banangojea. Unajua nani alikusifu ku kilio, pale ku matanga yako? Pasta! Ule mwenye alisemaka mu kanisa asema mutu mwenye kuunganisha matanki mbili ya mafuta ya mazutu na kuifanya sous-marin, mashua ya kuzama, apeleke batu chini ya ziwa ya Nzilo, ule mutu iko na pepo. Sasa akalia: "Tulipoteza fundi mukubwa!" Sono, ile maspika ya kilio, ikapeleka sauti mpaka ku barabara. Na ile sono, Tata, ilikuwa inakula batri yako.

Courant ya umeme ilikuwa imekatika. Tata mukubwa, ndugu yako, akaingia mu atelier yako ya chuma, akatosha batri yote ku tumbo ya sous-marin. Asema: "Marehemu hana kazi nayo tena." Nikamwambia ile batri njo nguvu ya moteri, na tena njo uzito yenye kuisimamisha sawa mu maji. Nikamwambia maneno yako: "Usiache ishuke chini ya nusu, itakufa." Akanijibu: "Enda pika bukari." Balicheza nyimbo mpaka sauti ikaanza kuburuta. Sasa ninaiweka ku panneau ya jua kila asubui, haishike kitu.

Aibu gani hii! Mu udongo yetu banachimba kobalti ya batri ya dunia muzima, na we uliokota batri ya malori, moya moya, yenye batu balitupa.

Unakumbuka vile tuliijaribu? Ulifungua robinet, maji ikaingia mu matanki ya kando, tukashuka mpaka kioo ikakuwa kijani. Mi nikapiga kelele, we ukacheka. Kisha ukaachia upepo yenye ulishindilia mu chupa ya chuma, ikasukuma maji inje, tukapanda. Ukasema: "Sasa Kambo anaweza kupanda."

Kambo, mama yako. Kijiji kwenye alizaliwa iko chini ya ile maji tangu balijenga barrage kuzuia muto, na ulimuahidi utamufikisha kwao mbele ya kufa. Akitoka misa ananiuliza: "Lini?" Miguu yake imevimba, chakula anaiacha. Minajibu: "Karibuni."

Jana Tata mukubwa alikuya kuuliza kama kuko batri moya bado muzuri, jirani iko na kilio. Nilimufukuza na clé yako ya kufungulia moteri mu mukono. Usinikemee.

Lala salama, Tata, ijapokuwa ulituacha mu matata. Kama Kambo anafika kwako mbele ya kufika kwao, umwambie ukweli: hapana chuma yako ilishindwa, ni batu yako. Na mi ninakuapia, nitatafuta batri ingine, nitashuka mpaka kule kijiji, hata kama kiti ya Kambo itakuwa wazi.

Ngalula