Mume Wangu Aliwaambia Ubalozini Anakuja Kumuoa Mama Yangu

Shangazi mshauri, shikamoo, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujacheka, maana wote niliowaeleza wamecheka kwanza na ushauri hawakunipa.

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi nje miaka kadhaa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na huko ndiko nilikompata mume wangu, fundi wa lifti, raia wa hukohuko, tulikwama pamoja katikati ya ghorofa mbili, yeye na lifti aliyokuja kuitengeneza, mimi na kitoroli changu cha dawa, na tulipotolewa nilikuwa nimeshamfundisha “pole” na “asante”, na mwaka uliofuata tukafunga ndoa kwa msajili, ndoa halali yenye cheti. Hapa nyumbani hajawahi kufika. Lakini mama yangu, ambaye ni fundi cherehani na mjane wa siku nyingi, anaongea naye kila jioni, simu kaiegemeza kwenye cherehani, anamfundisha Kiswahili huku miguu iko kwenye pedali, na nyumba nzima inamwita Bwana Lifti.

Sasa, Shangazi, furaha imetuingilia mlango wa mbele. Mama anaolewa! Kuna mwalimu mstaafu wa hisabati alikuwa akileta suruali ileile kubadilishiwa zipu, leo zipu, kesho zipu, mpaka mama akamwambia, “Mwalimu, zipu hii ni nzima kabisa, sema shida yako.” Akasema. Mama akakubali, siku ikapangwa, mimi nikatangulia kuja kusaidia kupika na kupamba, na mama ametoa sharti moja tu: mkwe wake ndiye atakayemshika mkono kuingia ukumbini, la sivyo harusi inaahirishwa.

Basi Bwana Lifti akaenda ubalozi wetu kule kuomba viza ya utalii, na kwa vile anajivunia Kiswahili chake akakataa katakata kuongea lugha yake, na afisa, mama mmoja mwenye miwani, alipomuuliza anakwenda kufanya nini, akajibu kwa sauti iliyosikika foleni nzima, “Naenda kumuoa mama mkwe wangu.”

Alitaka kusema kumuoza, Shangazi! Herufi moja! Afisa akamtazama juu ya miwani akamuuliza, “Na mke wako anajua?” Naye, kwa furaha zote, “Ndiyo, yeye ndiye anapika.” Wakamrudishia pasipoti yake, wakamwambia aje siku nyingine na maelezo yanayoeleweka.

Tungecheka yakaisha, lakini binamu yangu, ambaye ana ofisi ya kukata tiketi za safari na anajiona anajua kila dirisha la kila ofisi, akaniambia, “Dada, mmejiharibia wenyewe. Mtalii mwenye mke wa huku, wanajua huyo harudi. Mwambie aombe upya, aseme hajaoa, anakuja kutazama mandhari, basi.” Nikampigia mume wangu nikamweleza. Akasema taratibu, “Mimi nina mke. Siwezi kusema sina. Hata kwa karatasi.” Nikamjia juu, nikamwambia hajui mambo ya ofisi zetu, nikakata simu, halafu nikajifungia stoo katikati ya majora ya vitambaa nikalia, nusu hasira nusu raha, kwa sababu ni mwanamke gani asiyependa kusemewa maneno kama yale?

Mama alisikia kila kitu. Ameweka mkasi chini, anasema gauni lake halishonwi mpaka ajue mkwe anakuja. Mwalimu naye, maskini, anapita dirishani kila asubuhi kuchungulia kama gauni limeota mkono wa pili.

Je, nimbane mume wangu afiche ndoa yetu apate viza, au nimwache na msimamo wake harusi ya mama iharibike? Nimechanganyikiwa.

Mke wa Bwana Lifti

*

Mke wa Bwana Lifti, marahaba. Nisamehe, nimecheka. Nilijizuia vizuri tu mpaka kwenye “yeye ndiye anapika”.

Sasa futa machozi tuseme ukweli. Mumeo amekataa kukukana, nawe ukamkatia simu! Ukimaliza kusoma hapa mpigie umwombe radhi. Ubalozi utafuata baadaye.

Binamu yako mshukuru kwa nia njema, kisha mwache aendelee na tiketi zake. Viza ya utalii haimkatazi mtu kuwa na mke, wala kwenda kuwaona wakwe. Kinachomfunga mtu ni uongo. Leo aseme hajaoa, na siku mkitaka kuhamia hapa, akaombe kibali cha kuishi na mke yupi? Wewe mwenyewe ndiye utakayelia dirishani.

Hofu ya afisa ni moja: huyu atarudi kwake? Basi mjibuni kabla hajauliza. Wewe ni raia, andika barua ya mwaliko: wewe ni nani, huyu ni mumeo, anakuja kwenye harusi ya mama yako, atafikia nyumba gani, na mnaondoka lini. Ambatanisha nakala ya cheti cha ndoa na ya pasipoti yako. Yeye apeleke tiketi ya kwenda na kurudi, na barua ya mwajiri inayoonyesha likizo yake inaisha lini. Apige simu ubalozini kwanza aulize kama kuna kingine wanachotaka, maana kila ubalozi una taratibu zake, na wanaozijua ni wao, si mimi wala binamu. Na siku ya mahojiano, nakuomba sana, aongee lugha aliyozaliwa nayo! Kiswahili akiwekee wageni wa harusi.

Mama yako mfikishie hili: dada yangu, hongera, lakini kumsimamisha mwalimu wa watu dirishani kwa kosa la herufi ni uonevu. Chukua mkasi. Tarehe ibaki palepale. Mkwe akipata viza, vigelegele. Akikosa, utaingia na binti yako, na harusi itakuwa harusi.

Nawe karatasi zitoke wiki hii. Kulia utamalizia ukumbini.

*

Shangazi, shikamoo tena, mke wa Bwana Lifti hapa. Nilimpigia kumwomba radhi, akashangaa, kumbe hakujua kama nilimkatia, alidhani ni mtandao. Tukatuma kila kitu kama ulivyosema, ndoa yetu ikiwa wazi kabisa. Afisa alisoma barua yangu mpaka mwisho, akamuuliza kazi yake anamwachia nani, mume wangu akamjibu kwa lugha yake kwamba kuna wazee wa ghorofa ya nne wameshaanza kulalamika hata kabla hajaondoka. Viza ikatoka.

Uwanja wa ndege mama alinipita mimi, akampita mwalimu, akapita chini ya kamba, akamkumbatia mkwe wake kiunoni maana ndipo alipofikia. “Kumbe mrefu hivi! Simu ilikuwa inakuficha!” Ukumbini mkwe alimshika mama mkono wakaingia, na aliyekuwa akiongozwa hakuwa bibi harusi. Mwalimu alilia waziwazi, hakujali wanafunzi wake wa zamani waliojaa viti vya mbele.

Sasa tunafunga mizigo, likizo imekwisha. Jana mama na mumewe wametuita sebuleni, wamekaa kwenye kochi moja wameshikana vidole, mama akakohoa akasema, “Sisi tumeamua. Fungate tunakuja kuilia kwenu. Hiyo viza inaombwaje?”

*

Mwambie bibi harusi aanze na pasipoti. Na wakifika dirishani wakiulizwa wanakwenda kufanya nini, waseme hivyohivyo: fungate. Wasione haya.