Shimo Chini ya Zulia

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kabla ya msaada naomba radhi, kwa kuwa mwaka mzima umepita tangu uliponishauri nitafute kazi ya mikono nyumbani ili kustaafu kusinilemee, nami sikukujibu hata kwa mstari mmoja. Nilikutii, mshauri, na huko kukutii ndiko kulikonifikisha hapa.

Sebule yetu ina sakafu ya mbao ngumu iliyowekwa na marehemu baba mkwe kwa mikono yake mwaka tuliooana. Ilikuwa imechoka: michirizi ya miguu ya viti, doa la maji pale chungu cha maua kiliposimama, vanishi iliyobanduka mlangoni. Mke wangu alipokwenda kumtunza binti yetu aliyejifungua, niliona nimwandalie jambo la kumfurahisha, nikaenda kwa fundi seremala, mtu mzima mwenye watoto watatu ambaye nilimfundisha akiwa darasa la nne, nikaazima mashine yake ya kupigia msasa, naye akaniambia, "Mwalimu, mashine hii haisimamishwi mahali pamoja. Iwe inatembea muda wote. Ukisimama nayo, inakula mbao," nami nikamjibu kwamba nimesimamia madarasa miaka thelathini na minane, sitashindwa na mashine.

Nilikuwa nimemaliza nusu ya chumba, na kilikuwa kikipendeza kweli, simu ilipolia. Alikuwa mke wangu, na kwa kuwa sijawahi kuiacha simu yake ilie mara tatu, niliipokea kwa mkono mmoja huku mashine ikinguruma papo hapo chini ya mkono wa pili. "Ngurumo gani hizo?" akauliza. "Ni fundi," nikasema, maana sikutaka kuitoa siri yangu. Na tulipomaliza kusalimiana, karibu na dirisha palikuwa na bonde la urefu wa mkono, lenye kina cha kulaza kidole. Nilichanganya unga wa mbao na gundi, nikaziba, nikapaka rangi, likawa jeusi kama wino uliomwagika, nikalifunika kwa zulia, nikairudisha mashine. "Imekwendaje, mwalimu?" akauliza fundi. "Vizuri sana," nikamjibu.

Shemeji yangu, dada wa mke wangu, ndiye aliyelikunja zulia akitafuta hereni yake iliyoanguka. "Shemeji! Nani kaiua sakafu ya baba?" Neno lilikuwa limeshaizoea njia ya mdomoni mwangu, mshauri. "Fundi," nikasema. Kabla ya jioni alikuwa amempigia simu dada yake, na kazi ya ngazi za nyumba yake, aliyokuwa amempa fundi yule, ameifuta. Mke wangu naye ameapa kwamba mtu huyo hatakanyaga tena kizingiti chetu. Fundi hajui lolote. Jana alinisimamisha barabarani: "Shikamoo, mwalimu. Hivi shemeji yako nimemkosea nini?" Nikasema sijui.

Baba mkwe aliacha mbao sita za akiba, ziko darini. Mtu anayeweza kuzipachika zisionekane kiraka ni mmoja tu, na ndiye huyo niliyemsingizia. Mke wangu anarudi mwisho wa mwezi. Je, nitafute fundi wa mbali, nirekebishe kimyakimya, na kuyaacha maneno yapoe?

Mwalimu mstaafu

*

Shikamoo, mwalimu. Umenizidi umri, kwa hiyo nakuamkia kwanza ndipo nikugombeze.

Nilikushauri kazi ya mikono. Sikukushauri kazi ya mdomo. Shimo lenyewe si aibu. Wengi walioishika mashine ile kwa mara ya kwanza wana shimo lao, na nia yako ilikuwa njema. Kwa hilo nakupa pole, tena pole ya kweli. Lakini mtoto wa darasa la nne angevunja kioo akamsingizia mwenzake, ungemfanya nini? Jibu unalo, sina haja ya kukuandikia.

Fundi wa mbali sitaki hata kumsikia. Atakuzibia shimo la sakafu na kukuachia lile la pili, ambamo mtu asiye na hatia ametumbukia pamoja na watoto wake watatu.

Leo, kabla hujala, mpigie mke wako simu. Kaa kitini, na usiwe na mashine yoyote karibu. Kisha nenda kwa shemeji yako, umwambie ana kwa ana, umwombe airudishe kazi ya ngazi. Kwa fundi nenda mwisho, ili ukifika uwe na kitu cha kumpelekea zaidi ya samahani. Usimwombe akutengenezee sakafu siku hiyohiyo. Akijitolea mwenyewe, mshukuru.

Na sakafu? Kiraka chako cha gundi kitoke chote, hakitadumu. Mbao za akiba zishushwe sasa, zikae sebuleni wiki mbili zizoee hewa ya chumba, la sivyo zitasinyaa baadaye na kuacha nyufa. Msasa ufuate nyuzi za mbao, wa kukwaruza kwanza, laini mwisho. Vumbi lifutwe lote. Vanishi ipigwe mikono mitatu, kila mkono ukauke kabla ya unaofuata. Mbao mpya zitaonekana nyeupe kuliko za zamani. Usizipake rangi ili zifanane. Umeshaficha vya kutosha.

*

Mpendwa mshauri,

Safari hii sikukawia. Nilimpigia mke wangu nikiwa kitini. Akasema, "Kwa hiyo aliyekuwa akinguruma ni wewe." Shemeji amemrudishia fundi ngazi zake, ingawa mimi bado hanisalimii. Kwa fundi nilikwenda mwisho, nikamweleza yote na kumwomba radhi; kesho yake alikuja mwenyewe. "Shika upande huo," akaniambia, tukalikunja zulia lote, tukalitoa nje. Akapiga magoti, akaligonga bonde kwa kifundo cha kidole. "Nilikwambia haisimamishwi, mwalimu."

Mbao sita zimeshushwa, zimelala sebuleni. Mke wangu amekataza zisikatwe kabla hajafika: anataka kwanza alione shimo kwa macho yake, ndipo aseme kama mbao za baba yake zitumike, au nibaki nalo hapo mbele ya kiti changu. Uamuzi ni wake. Akishaamua, nitakuandikia.